Karatasi: Tanzania inauza, Kongo inanunua, na msitu wetu haujatusaidia

Lubumbashi – Kila mwisho wa mwezi wa nane, siku chache kabla ya masomo kuanza, meza za wachuuzi katika komini ya Kenya, Katuba na kandokando ya soko la M'zee Kabila zinajaa kaye. Mzazi anafika na orodha ya shule mkononi. Anauliza bei ya moja, anauliza bei ya pakiti, anahesabu watoto wake kwa vidole, halafu anarudisha pakiti mezani na kuchukua nusu. Tangu Septemba 2019 serikali imebeba malipo ya masomo katika shule za msingi za umma. Kaye haimo ndani ya malipo hayo. Kaye imebaki kwa mzazi.

Geuza kaye hiyo utazame jalada la nyuma. Mara nyingi utasoma jina la inchi nyingine. Hata ile iliyofungwa hapa ndani, karatasi yake ilivuka mpaka. Kartoni iliyobeba pakiti nayo ilivuka mpaka. Jimbo linalouzia dunia nzima shaba linaandika juu ya karatasi ya watu wengine, na karatasi hiyo inalipwa kwa dola.

Jirani yetu Tanzania naye ananunua karatasi nyingi kutoka nje. Lakini kuna aina moja ambayo anaitengeneza mwenyewe na kuiuza hata kwa wengine. Ukiweka biashara ya inchi hizi mbili mezani, moja pembeni ya nyingine, unaona kosa linalorudiwa katika mazungumzo yetu mengi: kwamba Kongo, kwa sababu ina msitu mkubwa, ingepaswa kuwa muuzaji wa karatasi. Wingi wa msitu hauamui jambo hilo. Linaamuliwa na vitu vitatu: miti iliyopandwa kwa kusudi hilo, viwanda vya ndani vinavyohitaji mifuko na makartoni, na ushuru unaompa nafasi mtu anayegeuza rola kuwa bidhaa. Tanzania ina viwili, na cha tatu inakipigania. Sisi bado hatuna hata kimoja kilichokamilika.

Namba za duane zinavyosomwa

Ili kulinganisha, ni lazima kujua duane inahesabu nini. Duniani kote bidhaa zinapangwa kwa sura, na karatasi ina sura tatu. Sura ya 47 ni rojo la mbao, yaani mti uliokwisha kupikwa na kusagwa, tayari kugeuzwa karatasi. Humo ndani pia mnahesabiwa karatasi chakavu zinazokusanywa ili zitengenezwe upya. Sura ya 48 ni karatasi na kartoni zenyewe, pamoja na vitu vinavyotokana nazo. Sura ya 49 ni vitabu, magazeti na kila kilichochapwa.

Sura ya 48 ndiyo yenye mambo mengi. Ndani yake kuna karatasi nyeupe ya kuandikia na kuchapia, namba 4802. Kuna krafti, ile karatasi ngumu ya rangi ya kahawia, namba 4804. Kuna karatasi za choo, 4818. Kuna mifuko na makartoni ya kufungia mali, 4819. Na kuna kaye na madaftari ya kila aina, 4820.

Mpangilio huo unasema kitu kwa mtu wa biashara. Ukinunua 4802 ikiwa rola, umenunua malighafi: bado kuna kazi ya kukata, kupiga mistari, kukunja, kubana na kufunga, na kazi hiyo itafanywa na watu wako. Ukinunua 4820, umenunua kitu kilichomalizika, na mishahara ya kazi yote hiyo umeilipa kwa watu wa inchi nyingine. Inchi mbili zinaweza kutumia tani sawa za karatasi, moja ikabaki na ajira na nyingine ikabaki na risiti tu.

Tanzania: mti mmoja, karatasi moja

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kuna shamba la miti linaloitwa Sao Hill. Ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali ya inchi ile. Mti mkuu pale ni msonobari, mti wa kigeni uliopandwa kwa mistari kama mahindi. Upandaji ulipanuliwa sana katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na kusudi lilijulikana tangu mwanzo: miti ikikomaa ilishe kiwanda cha karatasi.

Kiwanda chenyewe kilijengwa Mgololo, katika wilaya hiyohiyo, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills. Kilipangiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Kilikuwa mali ya serikali, na hakikupata maisha marahisi. Miaka ya 1990 kikasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikauzwa kwa kundi la Rai kutoka Kenya, na leo kinaitwa Mufindi Paper Mills.

Karatasi inayokipa jina kiwanda hicho ni krafti. Hapa sayansi kidogo inasaidia. Mti wa msonobari una nyuzi ndefu, karibu milimita 3. Nyuzi ndefu zinashikana kwa nguvu, kwa hiyo karatasi yake haipasuki haraka: inafaa kwa mfuko wa simenti wa kilo 50, kwa gunia la chai, kwa ukuta wa nje wa kartoni. Kalitusi ina nyuzi fupi, karibu milimita 1. Karatasi yake ni laini na inapokea wino vizuri: inafaa kwa kitabu na kaye. Kila mti una karatasi yake.

Kwa hiyo Tanzania inauza krafti, na wanunuzi wake wako pia nje ya mipaka, hasa kwa majirani kama Kenya. Upande mwingine wa hesabu, karatasi nyeupe ya kaye, ya ofisi na ya magazeti, Tanzania inaiagiza kutoka nje kama sisi. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa inaingia Dar es Salaam ikiwa rola au mabunda makubwa, na viwanda vya pale vinaikata na kuifunga. Ukijumlisha, Tanzania inanunua karatasi kuliko inavyouza. Hata hivyo ina kitu cha kuuza, na katika kile inachonunua imejiachia sehemu ya kazi.

Kongo: kila kitu kinaingia kimemalizika

Upande wetu daftari la hesabu ni fupi. Kongo haina kiwanda cha kutengeneza rojo la mbao. Inachouza nje kutoka msituni ni magogo na mbao: sapelli, wenge, afrormosia, zikiteremka kuelekea bandari za Matadi na Boma. Huku kwetu Katanga, miaka michache iliyopita, mti wa mukula ulikuwa ukiondoka juu ya magari makubwa kupitia Zambia kuelekea China, ukiwa gogo zima. Mti unatoka mbichi. Karatasi inaingia ikiwa kaye, rimu, kartoni na karatasi za choo.

Njia zake zinategemea unaishi wapi. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hupokea mali kutoka kusini: Durban kupitia Zimbabwe na Zambia, au Dar es Salaam kupitia Tunduma na Nakonde, na zote mbili zinakutana Kasumbalesa. Kalemie inategemea pia Ziwa Tanganyika na bandari ya Kigoma. Goma na Bukavu hutazama Mombasa, Kampala na Kigali, na vita vya miaka hii vimeifanya kila safari ya mali kuwa kamari. Mnunuzi wa Kivu na mnunuzi wa Katanga hawalipi bei moja kwa kaye moja, ingawa wote ni raia wa inchi moja.

Afrika Kusini ndiye mkubwa wa karatasi upande huu wa bara. Kampuni zake mbili, Sappi iliyozaliwa 1936 na Mondi iliyozaliwa 1967, zinalima miti yao zenyewe, zinapika rojo na kuuza dunia nzima. Kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi, Durban ni mbali lakini ni njia anayoijua: magari yaleyale yanayopeleka shaba bandarini yanarudi na mali.

Hesabu ya kaye

Tuchukue kaye ya kawaida ya kurasa 48, ya kipimo cha sentimita 17 kwa 22, karatasi ya gramu 60 kwa mita ya mraba. Ukipiga hesabu ya majani 24 na jalada, uzito wake ni kama gramu 60 na kidogo. Tufanye 60. Mtoto wa shule ya msingi akitumia kaye 8 kwa mwaka, ametumia gramu 480, karibu nusu kilo ya karatasi.

Watoto milioni moja watatumia tani 480. Gari kubwa moja linabeba kama tani 30. Hayo ni magari 16. Watoto milioni 10 ni tani 4,800, yaani magari 160.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili yanayovutana. La kwanza, kaye si mzigo mkubwa. Magari 160 si mengi ukilinganisha na msururu unaosimama Kasumbalesa. Kaye za watoto milioni 10 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya uwezo uliopangiwa kiwanda cha Mgololo. Anayeota kujenga kiwanda kikubwa cha rojo kwa ajili ya kaye za watoto wetu hajapiga hesabu.

La pili, kwa sababu mzigo si mkubwa, kazi ya kugeuza rola kuwa kaye haihitaji jitu. Inahitaji karakana yenye mashine za kupiga mistari, kukunja, kubana na kukata, watu waliofundishwa, na umeme usiozimika katikati ya rola. Kati ya msitu na kaye kuna ngazi ndefu. Tumezoea kutazama ngazi ya juu kabisa, iliyo ghali kuliko zote, na kusahau ile ya chini ambayo mguu wetu unaifikia.

Karatasi isiyoandikwa

Namba za duane zina shimo moja ambalo wasomaji wengi hawalijui. Kwa kanuni za kimataifa, kifungio kinachoingia pamoja na mali kinahesabiwa ndani ya mali hiyo. Kartoni ya biskuti inaandikwa biskuti. Mfuko wa simenti unaandikwa simenti. Trei ya mayai kutoka Zambia, ile ya rangi ya majivu inayoshika mayai 30, inaandikwa mayai.

Maana yake, karatasi tunayoinunua ni nyingi kuliko ile inayoonekana katika sura ya 48. Kila bidhaa ya kiwanda inayopita Kasumbalesa imevaa karatasi, na karatasi hiyo tumeilipia ndani ya bei. Jirani aliyetengeneza sabuni ameuza sabuni, ameuza na kartoni.

Hapo ndipo tofauti ya inchi hizi mbili inapoonekana wazi. Tazama Tanzania inauza nini nje: dhahabu, ndiyo, lakini pia korosho, chai, kahawa, tumbaku, parachichi. Vingi kati ya hivyo vinahitaji mfuko au kartoni. Chai ya Mufindi inasafiri katika magunia ya karatasi ngumu, na kiwanda cha karatasi kiko katika wilaya ileile. Mkulima wa parachichi anataka makartoni, mwenye makartoni anataka krafti, mwenye krafti anataka msonobari. Mnyororo unavutana wenyewe.

Sasa tazama tunachouza sisi. Kongo imefika nafasi ya pili duniani katika shaba, nyuma ya Chile, na ni ya kwanza katika kobalti. Bamba la shaba linafungwa kwa mkanda wa chuma. Kobalti inatiwa katika mifuko mikubwa ya plastiki. Utajiri wote huo unatoka Haut-Katanga na Lualaba bila kuhitaji karatasi yoyote ya maana. Migodi yetu haiiti kiwanda cha makartoni, na mashamba yetu, yanayozalisha kidogo kwa ajili ya kuuza nje, hayajafika mahali pa kukiita. Karatasi hufuata viwanda na mashamba. Mahali hivyo viwili ni vichache, karatasi inakuja kama mgeni aliyebebwa na mali ya wengine.

Msitu mkubwa, karatasi hakuna

Kongo ina msitu wa hekta karibu milioni 150, wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya joto duniani baada ya ule wa Brazili. Mtu anauliza: Brazili basi? Mbona ni muuzaji wa kwanza wa rojo la mbao duniani?

Jibu ni kwamba rojo la Brazili halitoki katika msitu wa asili wa Amazon. Linatoka katika mashamba ya kalitusi, aina iliyochaguliwa, iliyopandwa kwa mistari na kuvunwa baada ya miaka 6 au 7. Mti ni wa aina moja, umri mmoja, unene mmoja. Kiwanda kinajua kila gogo litapikwa kwa muda gani. Msitu wetu una mamia ya aina za miti zilizochanganyika, mmoja mgumu kama chuma, mwingine laini, mwingine umejaa utomvu. Kuzipika pamoja katika chungu kimoja ni taabu.

Kamerun ilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifungua kiwanda cha Cellucam huko Edéa, kilichotegemea miti mchanganyiko ya msitu wa asili. Gharama zilikuwa kubwa, matatizo ya ufundi hayakuisha, na kiwanda kikafungwa katika muongo huohuo. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, alichagua njia nyingine: tangu 1978 alipanda kalitusi kwenye nyika za Pointe-Noire, maelfu na maelfu ya hekta. Miti ilistawi. Kiwanda cha rojo hakikujengwa, na magogo yakapakiwa melini kwenda kupikwa kwa wengine.

Katanga yenyewe haina msitu mzito wa ikweta. Tuna miombo, ambayo miti yake inakua polepole, na kila siku inapungua kwa ajili ya makala. Anayesafiri kutoka Lubumbashi kuelekea Kasenga au Kipushi anajua jinsi miti inavyorudi nyuma mwaka hadi mwaka. Sheria ya misitu ya Agosti 2002 na zuio la mwaka huo la kutoa vibali vipya vya kukata miti zilitazama zaidi makampuni makubwa ya mbao. Makala hayangoji kibali.

Lakini hatuwezi kusema ardhi yetu haifai. Vuka mpaka uende Copperbelt, kwenye udongo na mvua zinazofanana na zetu, utakuta msonobari na kalitusi zilizopandwa na serikali ya Zambia tangu miaka ya 1960. Leo zinasimamiwa na kampuni ya ZAFFICO, ambayo hisa zake ziliingia katika soko la Lusaka mwaka 2020. Miti ile inatoa mbao na nguzo za umeme. Kongo nayo ilipanda: huko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, kuna hekta karibu 8,000 za akasia zilizopandwa miaka ya 1980 na 1990. Zilipandwa kwa ajili ya makala ya Kinshasa. Hilo linasema ukweli mmoja kuhusu jambo lolote la kupanda miti kwetu: mji unaopika kwa makala utakula shamba la karatasi kabla halijafikisha miaka mitano.

Funzo la Webuye

Wasomaji wa Goma na Bukavu, ambao mali yao nyingi hupitia Kenya, wanaweza kukumbuka jina la Webuye. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilijengwa pale, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1970, kwa fedha za serikali, za kundi la Birla la India na za mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha makampuni. Kilikuwa na kila kitu tunachosema sisi tunakikosa: mashamba ya msonobari, mto, reli, soko. Mji mzima uliishi kwa mshahara wake. Mwaka 2009 kikafungwa. Bili za umeme na madeni vilikuwa vimekishinda, na karatasi ya kutoka nje ilikuwa imejaa sokoni. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi lilelile la Rai linalomiliki Mgololo.

Mwezi wa pili 2018 Kenya ikazuia ukataji wa miti katika misitu ya umma ili kuokoa vyanzo vya maji. Zuio lilikuwa na sababu za kweli, lakini kiwanda kinachotegemea msonobari wa serikali kikajikuta mlango wa malighafi umefungwa. Halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikaweka tozo juu ya krafti inayoingia kutoka nje, ili kuwalinda watengenezaji wa ndani. Wanaotengeneza mifuko na makartoni, ambao wananunua krafti hiyo, wakalalamika kwamba ulinzi wa mmoja ni mzigo wa mwingine.

Tanzania nayo iko ndani ya mvutano huohuo kama mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa ngazi nne tangu Julai 2022: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Wazo lake ni rahisi: malighafi ilipe kidogo au isilipe, bidhaa iliyomalizika ilipe zaidi. Rola ipite, kaye ilipe. Hapo ndipo kazi ya karakana inazaliwa.

Tunasimama wapi mpakani

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya hiyo mwezi wa nne 2022, na ikawa mwanachama kamili mwezi wa saba mwaka huo. Ushuru wa pamoja bado hatujaanza kuutumia kikamilifu. Wakati huohuo sisi ni wanachama wa SADC na wa COMESA. Makundi matatu, kanuni tatu, na mfanyabiashara wa Kasumbalesa bado analipa kwa kufuata tarifa ya Kinshasa, juu yake TVA ya 16 kwa mia, na malipo ya huduma mbalimbali za mpakani.

Swali la kumuuliza waziri si kama tuko katika soko la pamoja. Swali ni hili: tofauti ya malipo kati ya rola na kaye ni kubwa kiasi gani, ukijumlisha kila kitu kinacholipwa mpaka mali ifike depo ya Lubumbashi? Ikiwa tofauti ni ndogo, hakuna mtu mwenye akili atakayenunua mashine. Ataleta kaye zilizokwisha kufungwa, atauza mwezi wa tisa, na fedha yake itarudi haraka.

Halafu kuna hatari ya njia. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku kadhaa, baada ya Kongo kuzuia vinywaji na chokaa kutoka kwake. Hakuna aliyekuwa na ugomvi juu ya karatasi. Lakini gari la kaye linasimama katika msururu uleule na gari la bia, na kufungwa huko kulitokea wiki chache tu kabla ya masomo kuanza. Anayenunua kitu kilichomalizika anapata hasara yote siku mpaka unapofungwa. Anayenunua rola na kuiweka depo ana miezi kadhaa ya kufanya kazi.

Hatua zinazofikika

Kwa mtazamo huu, ndoto ya kiwanda cha rojo Haut-Katanga iwekwe pembeni kwa sasa. Kingehitaji shamba la miti ambalo halijapandwa, mamia ya mamilioni ya dola, maji mengi safi na mahali salama pa kumwaga maji machafu, katika jimbo ambalo mito yake tayari inabeba uchafu wa migodi. Umeme wenyewe ungeweza kutoka ndani, kwa sababu viwanda vya krafti huchoma maji meusi yanayobaki baada ya kupika mti. Mengine yote hayapo.

Kuna hatua tatu ndogo zaidi ambazo zinasimama kwa hesabu.

Ya kwanza ni karakana za kaye. Serikali, kwa upande wa masomo ya bure, ni mnunuzi mkubwa anayeweza kuwepo kila mwaka bila kukosa. Ikiagiza sehemu ya vifaa vya shule kwa karakana za Lubumbashi, Kinshasa na Bukavu kwa mkataba wa miaka kadhaa, mwenye karakana ataweza kwenda benki. Pamoja na hayo rola ipunguziwe malipo mpakani. Hasara ya hazina ni ndogo: tumeona kwamba tani zenyewe ni chache.

Ya pili ni kartoni chakavu. Kila jioni nyuma ya maduka ya katikati ya mji makartoni yanachomwa moto au yanaingia mitaroni, na mvua ya mwezi wa kumi na mbili ikifika tunashangaa maji hayapiti. Kwa duane ya dunia, kartoni chakavu ni malighafi yenye namba yake katika sura ya 47. Kutengeneza trei za mayai kwa karatasi chakavu ni ufundi mdogo: chungu cha kurojesha, ukungu wa kuunda, mahali pa kukaushia. Trei ya Zambia inayoingia na mayai ingeweza kupata ndugu yake wa hapa. Wavulana wanaosukuma mikokoteni ya vyuma chakavu wanajua tayari jinsi ya kukusanya na kuuza kwa kilo.

Ya tatu ni ya muda mrefu: miti. Ipandwe kwa ajili ya makala kwanza, waziwazi, kuzunguka mji, ili shinikizo kwenye miombo lipungue. Ni pale mji utakapokuwa na kuni zake ndipo shamba la mbao na la karatasi litakapoweza kusimama miaka 15 bila kukatwa usiku. Tanzania ilianza kupanda kwa nguvu miaka ya 1970 na kutoa karatasi katikati ya miaka ya 1980, halafu ikangoja miaka mingine ishirini kabla kiwanda hakijapata mwenye kukiweza. Anayetuahidi karatasi ya Katanga ndani ya muhula mmoja wa uchaguzi anatudanganya.

Ulinganisho huu haumpi Mtanzania sifa zote. Mzazi wa Dar es Salaam naye analia juu ya bei ya daftari, na karatasi nyeupe anainunua kutoka mbali kama mzazi wa Katuba. Lakini mfuko wa simenti alioujengea nyumba unaweza kuwa umetengenezwa kwa mti wa Mufindi, na daftari la mtoto wake linaweza kuwa limefungwa na jirani yake. Kila hatua iliyobaki ndani ni mshahara uliobaki ndani.

Bunge la jimbo na lile la Kinshasa hujadili bajeti kila mwaka, na mistari ya elimu inasomwa haraka. Safari hii mbunge mmoja aulize rola inalipa kiasi gani Kasumbalesa, na kaye inalipa kiasi gani. Namba hizo mbili zinatosha kuanzia. Mwezi wa tisa ujao meza zitajaa tena, na jalada la nyuma la kaye litatuambia kama kuna aliyeuliza.